Dubu katika Vitabu vya Picha vya Watoto: Mnyama Mgeni na Mafunzo Yake

Dubu ni mnyama ambaye Waswahili wanalo jina lake lakini hawanaye mwenyewe. Jina limetoka katika Kiarabu, dubb, na limekaa katika Kiswahili kwa utulivu kama maneno mengine yaliyotoka huko. Mnyama hakuja nalo. Katika Afrika nzima dubu wa porini waliojulikana na wanadamu waliishi kaskazini tu, katika milima ya Atlas, na hao nao walitoweka katika karne ya 19. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili aghalabu hukutana na dubu kwanza katika Biblia, pale Daudi anapomweleza Sauli jinsi alivyopambana na simba na dubu waliovamia kondoo wa baba yake, au pale dubu wawili wanapotoka msituni na kuwararua vijana 42 waliomdhihaki nabii Elisha kwa upara wake. Dubu hao wa Elisha ni walimu wa namna fulani, lakini funzo lao ni la kutisha: asiye na adabu huraruliwa.

Mnyama huyohuyo, katika vitabu vya picha vinavyochapishwa Uingereza, Marekani na kwingineko, huvaa kofia, husugua meno, huogopa giza na hubembelezwa mpaka alale. Vitabu hivi vimeenea, na vingine hufika katika maktaba na shule za Afrika Mashariki. Makala hii inakusudia kueleza jinsi mnyama mkali alivyopata kuwa mwalimu wa watoto, anafundisha nini na kwa njia gani, na ni matatizo gani yanayomkabili mtu anayetaka kumleta katika Kiswahili.

Yafaa kuanza na jina. Watu waliokaa karibu na dubu hawakulitamka jina lake kwa wepesi. Warusi humwita medved, yaani mla asali, na wataalamu wa lugha wanaona kwamba neno hili lilichukua nafasi ya jina la kale lililoogopwa. Kwa lugha za Kijerumani, Kiingereza kikiwamo, wengi hulieleza jina la dubu kuwa maana yake ya asili ni "yule wa rangi ya kahawia". Jambo hili si geni kwa Mwafrika: katika jamii nyingi nyoka hatajwi usiku kwa jina lake, asije akadhani ameitwa. Basi vitabu vya watoto vya Ulaya vilimrithi mnyama ambaye babu zao waliogopa hata kumtaja. Neno la Kiswahili, dubu, halina hofu hiyo ndani yake.

Tena umbo la dubu linamsaidia mchoraji. Dubu hukanyaga kwa wayo mzima, na nyayo zake hufanana kidogo na za mtu. Huweza kusimama kwa miguu miwili na kuketi kitako. Hula karibu kila kitu: matunda, samaki, mizizi, wadudu na asali. Wakati wa baridi hujificha akalala kwa miezi. Mnyama wa jinsi hii hahitaji kubadilishwa sana ili avishwe suruali na kuketishwa mezani.

Kitabu cha kale kabisa kinachojulikana katika mkondo huu hakikupigwa chapa wakati wake. Mwaka 1831 bibi Mwingereza, Eleanor Mure, alitunga kwa mashairi na kuchora kwa mkono wake hadithi ya dubu watatu ili ampe mtoto wa ndugu yake siku ya kuzaliwa. Mkoba huo wa karatasi umehifadhiwa katika maktaba ya Toronto. Miaka sita baadaye, 1837, mshairi Robert Southey alichapisha hadithi hiyohiyo kwa nathari. Katika maandishi yote mawili mvamizi si mtoto hata kidogo. Ni kikongwe anayeingia nyumba ya wenyewe bila hodi, akala au kunywa kilicho chao, akavunja kiti, akalala kitandani. Dubu wa Southey ni madume watatu wenye tabia njema wanaoishi pamoja, mkubwa, wa kati na mdogo. Wao ndio waungwana, naye ajuza ndiye asiye na heshima. Dubu wa Mure, kwa upande wao, hawana huruma: wanajaribu kumchoma kikongwe, kisha kumzamisha majini, na hatimaye wanamrusha juu ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Paulo, London.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1850, pale Joseph Cundall alipomwondoa kikongwe na kumweka msichana mdogo, Silver-Hair, kwa sababu, alivyoeleza, hadithi za vikongwe zilikwisha kuwa nyingi. Sababu yenyewe ni nyepesi, karibu ya kibiashara, lakini matokeo yake yalikuwa mazito. Mara mvamizi alipokuwa mtoto, dubu nao hawakuweza kubaki madume watatu. Katika machapisho yaliyofuata waligeuka baba, mama na mtoto. Mwanzoni mwa karne ya 20 msichana alikuwa amekwisha kuitwa Goldilocks, na hadithi ikawa na watoto wawili: mmoja anayeharibu na mmoja anayelia kwa kuwa uji wake umekwisha na kiti chake kimevunjika. Mtoto anayesomewa hajui akae upande gani. Ni yeye aliyeonja, na ni yeye aliyeibiwa. Hapo ndipo ilipo nguvu ya hadithi hii, wala haikupangwa na mtu yeyote mmoja.

Lev Tolstoy aliiandika upya kwa Kirusi mwaka 1875 katika kitabu chake cha kufundishia watoto kusoma. Msichana wake hakwenda kuvamia. Alipotea msituni, na alikuwa akitafuta njia ya kurudi nyumbani. Dubu wa Tolstoy wana majina kamili ya heshima, Mikhailo Ivanych na Nastasya Petrovna, na mtoto wao Mishutka, kana kwamba ni majirani wa kijijini. Mwishoni msichana anaruka dirishani na kukimbia, dubu hawamkamati, na hadithi imekwisha. Tolstoy, ambaye katika maandishi yake mengine hakuona haya kuhubiri, hapa hakuongeza neno.

Baada ya hapo likatokea tukio lililombadilisha dubu kuliko kitabu chochote. Mnamo Novemba 1902 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikuwa akiwinda Mississippi. Dubu alikamatwa na kufungwa mtini ili rais ampige, naye akakataa kumpiga mnyama aliyefungwa. Tarehe 16 mwezi huo mchoraji Clifford Berryman alitoa katuni ya kisa hicho gazetini, na muda si muda dubu wa kuchezea wa kitambaa wakauzwa kwa jina la utani la rais, Teddy. Katika mwaka huohuo kiwanda cha Steiff huko Ujerumani kilikuwa nacho kikibuni dubu wa kuchezea. Kinachosahauliwa ni kwamba rais, baada ya kukataa kupiga, aliamuru dubu yule auawe ili asiteseke. Wala Afrika Mashariki haikuuona huruma huo: alipoteremka Mombasa Aprili 1909, akiwa amekwisha kuacha urais, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo.

Tangu hapo dubu alikuwa kitu cha kulala nacho. Mtoto wa Ulaya au Marekani alimjua dubu wa kitambaa kabla ya kumjua dubu wa msituni, na vitabu vilivyofuata vilimchukulia hivyo. Mwaka 1926 A. A. Milne alitoa hadithi za Winnie-the-Pooh kwa michoro ya E. H. Shepard, na mhusika wake alikuwa dubu wa kuchezea wa mwanawe.

Hapa ndipo inapofaa kumweka dubu kando ya Sungura. Katika ngano za Afrika Mashariki Sungura ni mdogo kwa umbo, lakini si mtoto. Ana shamba, ana madeni, ana mashauri na majirani, hudanganya na kudanganywa kama mtu mzima. Fisi naye ni mtu mzima mwenye ulafi. Mtoto anayesikiliza ngano hizo amekaa pembeni, kama mtoto aliyeketi kimya barazani huku wakubwa wakizozana, na funzo humfikia kwa mzunguko. Hakuambiwa "wewe ni Fisi". Ameonyeshwa Fisi, akacheka, na akajichunga. Lakini dubu wa vitabu vya picha ndiye mtoto mwenyewe. Hofu zake ni za mtoto, makosa yake ni ya mtoto, na anayemsomea mtoto kitabu anamsomea habari zake. Faida ya namna hii ni ukaribu. Hasara yake ni kwamba mwandishi huona njia fupi ya kumwambia mtoto afanye nini, na wengi hawaikatai.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni vitabu vya Stan na Jan Berenstain, mtu na mkewe wa Marekani. Cha kwanza kilitoka mwaka 1962, na leo mfululizo una vitabu zaidi ya 300. Vya mwanzo vilikuwa vya kuchekesha. Katika kitabu cha 1964 kuhusu kujifunza kupanda baiskeli, baba dubu anajitwika kazi ya kumfundisha mwanawe na kila mara anaanguka, kisha husema kwamba hivyo ndivyo mtoto asivyopaswa kufanya. Mtoto hujifunza kwa kumwona mkubwa akikosea, na anacheka. Muundo huo hauko mbali sana na ngano za Fisi.

Kuanzia mwaka 1981 mfululizo ulibadilika. Vilitoka vitabu vya kwenda kwa daktari, kwa daktari wa meno, vya chumba kichafu, vya fedha, vya televisheni nyingi kupita kiasi, vya kusema kweli. Kila kitabu kilikuwa na tatizo moja, na aghalabu mama dubu ndiye aliyekuwa na dawa. Baba, ambaye zamani alikuwa mpumbavu wa kuchekesha, akawa kama mtoto wa tatu nyumbani. Mwaka 1989 mwandishi wa magazeti Charles Krauthammer aliwashambulia vikali dubu hao, hasa kwa sababu ya baba huyo dhaifu. Shambulio lake lilikuwa na chumvi nyingi, na lilikosa jambo kubwa zaidi. Udhaifu wa vitabu hivyo haukuwa katika baba. Ulikuwa katika desturi ya kumaliza kila jambo kwa maelezo.

Hata hivyo si haki kuvitupa vyote katika kapu moja. Kitabu cha mwaka 1985 kuhusu watu wasiojulikana kinagusa suala gumu kwa mzazi yeyote: amfundisheje mtoto kujihadhari bila kumfanya aogope dunia? Binti dubu humsalimu kila apitaye. Baba anamsomea habari za kutisha gazetini, na kesho yake mtoto anaona kila mtu ni adui. Wachoraji walichora mahali palepale mara mbili: kwanza penye watu wa kawaida, kisha watu walewale kama wanavyoonekana kwa macho ya mtoto aliyetiwa hofu, wana sura mbaya na vivuli virefu. Hakuna aya inayoweza kueleza madhara ya onyo la kupita kiasi kama picha hizo mbili. Halafu mama anakuja na tufaha. Moja lina umbo baya na ndani ni zima. Jingine ni zuri na ndani lina funza. Mfano huo ni mzuri, lakini mtoto aliyekwisha kuona zile picha mbili alikuwa amekwisha kuelewa.

Vitabu vingine vilikwenda njia tofauti. Mwaka 1958 Michael Bond alitoa hadithi ya Paddington, dubu mdogo anayekutwa peke yake katika stesheni ya gari moshi ya London akiwa na kibandiko shingoni kinachowaomba wapitao wamtunze. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha kusoma chenye michoro ya Peggy Fortnum. Vya picha vilifuata baadaye. Bond alikumbuka watoto wa London waliopelekwa mashambani wakati wa vita, kila mmoja na kibandiko chake. Jambo linalogusa Afrika ni kwamba katika rasimu ya kwanza dubu huyo alitoka Afrika, ile Afrika "ya giza" iliyozoeleka katika maandishi ya Waingereza. Wakala wake, Harvey Unna, alimtahadharisha kwamba Afrika haina dubu. Bond akamhamishia Peru, ambako wapo, ila sifa ya giza aliichukua akaihamisha pamoja naye. Kosa la zuolojia lilisahihishwa. Lile jingine lilivuka bahari. Hata hivyo hadithi yenyewe ina funzo lisilo la kawaida katika vitabu vya watoto, kwa sababu wanaofundishwa ni wenyeji. Mgeni ana adabu tangu ukurasa wa kwanza, na swali ni kama nyumba iliyompokea itakuwa na adabu ya kumtosha.

Mwaka 1968 Don Freeman alitoa Corduroy, hadithi ya dubu wa kuchezea anayekaa dukani bila kununuliwa, akiwa na kifungo kimoja kilichopotea katika kanda ya suruali yake. Msichana mweusi, Lisa, anamtaka. Mama anakataa, fedha zimekwisha, na tena dubu mwenyewe ana kasoro. Usiku dubu anazunguka duka zima akitafuta kifungo na hakipati. Asubuhi Lisa anarudi na fedha za kibubu chake, anamnunua hivyohivyo alivyo, na kifungo anakishona nyumbani. Mpango wa matukio ndio funzo: anapendwa kwanza, anashonewa baadaye. Kama kifungo kingepatikana usiku ule dukani, kitabu kingefundisha kinyume chake, kwamba mtu hujitengeneza kwanza ndipo apendwe. Ikumbukwe pia kwamba wakati huo watoto weusi walikuwa wachache mno katika vitabu vya picha vya Marekani, na Lisa anaonyeshwa akiwa mtoto wa kawaida mwenye akiba yake na uamuzi wake.

Kwa upande wa mwisho kabisa wa mkondo huu yuko Jon Klassen, aliyetoa mwaka 2011 kitabu cha dubu anayetafuta kofia yake. Anawauliza wanyama mmoja mmoja kwa adabu. Sungura anayeulizwa anakana kwa maneno mengi mno, huku kofia nyekundu iko kichwani pake. Dubu haoni, mtoto anaona. Mwishoni dubu ana kofia, sungura haonekani, na mnyama mwingine anapouliza habari za sungura, dubu anakana kwa maneno yanayofanana na yale ya sungura. Kitabu hakisemi kilichotokea. Wazazi wengine walichukia. Lakini mtoto aliyefika ukurasa huo amepewa kazi ya hakimu: anajua uongo ukoje, kwa kuwa ameusikia mara moja tayari, na sasa anausikia katika kinywa cha yule aliyemhurumia. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna utamu wa pekee, kwani Sungura, aliyezoea kuponyoka katika ngano zote, hapa hakuponyoka.

Kutokana na mifano hii inaonekana kwamba kazi ya kufasiri vitabu vya dubu si ya maneno peke yake. Wako wanaoshauri kwamba mnyama mgeni abadilishwe awe fisi au sungura ili mtoto amtambue. Ushauri huo hauwezekani kwa kitabu cha picha, kwa sababu picha hubaki palepale. Wala si wa lazima. Mtoto wa Nairobi hajamwona dubu, lakini mtoto wa London hajamwona pia, ila wa kitambaa au wa bustani ya wanyama. Na uji, ambao ndio kiini cha hadithi ya dubu watatu, hauhitaji maelezo yoyote. Zaidi ya watoto wa lugha nyingine nyingi, mtoto wa Kiswahili anajua maana ya uji wa moto na uji uliopoa.

Sarufi nayo huleta mambo yake. Mwandishi wa Kiingereza anapomtaja dubu wa kuchezea hana budi kuchagua kati ya kiwakilishi cha kitu na kiwakilishi cha mtu, na akichagua cha mtu amekwisha kumpa uhai nusu. Katika Kiswahili kazi hiyo imekwisha kufanywa na ngeli: hata dubu wa pamba na kitambaa, kwa kuwa ni dubu, ameanguka, amelala, amepotea. Kwa upande mwingine, Kiswahili hakilazimishi jinsi. Dubu Mkubwa, Dubu wa Kati na Dubu Mdogo wanaweza kubaki bila kujulikana nani mume nani mke, kama vile Southey alivyowatofautisha kwa ukubwa tu, na mfasiri asiyewaita baba na mama atakuwa karibu zaidi na asili ya mwaka 1837 kuliko machapisho mengi ya Kiingereza. Umbo la kidubu lingefaa kumaanisha udogo, lakini ki- hiyo mara nyingi hubeba dharau, na hadithi ambayo mtoto anajiona ndani yake haiwezi kumdharau. Afadhali Dubu Mdogo, au mtoto wa dubu.

Mtihani mzuri wa mfasiri ni kitabu cha Martin Waddell na Barbara Firth cha mwaka 1988, ambamo Dubu Mdogo hawezi kulala kwa sababu ya giza. Dubu Mkubwa anamletea taa ndogo, kisha kubwa zaidi, kisha kubwa kuliko zote, na bado mtoto analiona giza nje ya pango. Hatimaye anamchukua na kumpeleka nje, gizani kwenyewe, ambako kuna mwezi na nyota, na mtoto analala mikononi. Hakuna anayesema kwamba giza haliogopwi. Kiswahili kina majina ya kutosha kwa ngazi hizo za mwanga, koroboi, kandili, karabai, na mfasiri atatamani kuyatumia yote. Lakini mtoto anayesomewa huwa anatazama mchoro wakati mkubwa akitazama maneno, na akitajiwa karabai huku anaona kandili, atamsimamisha msomaji hapohapo na kunyoosha kidole.